Bi Jana na Sehemu ya Themanini na Tatu

Kama jana tamthilia imekupita, labda umeme ulikatika, labda mtoto aliikalia rimoti ikahama chaneli, labda ulikuwa kazini tu kama watu wengine, mtaani dawa ilikuwa moja. Unatafuta nguo yoyote yenye mshono uliofumuka, hata ile ambayo huna mpango wa kuivaa tena maishani, unaibana kwapani, unaenda nayo kwa Bi Jana.

Bi Jana ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko chini kabisa ya ghorofa, mlango unatazama njia. Ukiingia unakutana na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, stuli moja ya mteja, mabunda ya vitambaa mpaka karibu na dari, na kwenye rafu iliyobonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, runinga. Nyumbani kwake ni nyuma ya pazia. Yaani pazia tu, hatua tatu, umeshatoka kazini. Ukuta wa kulia ni wa mbao nyembamba, na nyuma ya mbao yuko kinyozi, ambaye amesikia kila neno lililowahi kusemwa humo ndani na hajawahi kuona haya.

Jina la Bi Jana hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu kila aliyeingia alianza na swali lilelile, hata salamu haijatoka vizuri: "Jana ilikuwaje?"

Hapo yeye anatoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, anazichomeka kwenye kimto, anaondoa mguu kwenye kanyagio, na anaanza. Na jamani, alikuwa anaijua hiyo kazi! Tamthilia ilikuwa ya nje, imetiwa sauti za Kiswahili, lakini majina ya watu wake yalikuwa yanavunja ulimi, kwa hiyo mtaa uliwabatiza upya. Kulikuwa na Wakili, mwanaume mzuri wa sura asiye na akili hata ya kuazima. Kulikuwa na Mkwe Sumu, mke wa Wakili, ambaye alikuwa hawezi kumimina maji kwenye glasi bila kufikiria ubaya. Na kulikuwa na Mama Miwani, mama yake Wakili, mwenye nyumba, mwenye miwani minene kama vitako vya chupa na ulimi unaokata pande zote. Bi Jana aliwaigiza wote watatu. Sauti ya Mkwe Sumu aliitoa puani. Ya Mama Miwani aliitoa mahali fulani chini ya mbavu, taratibu, na kila aliyekuwa chumbani alikaa vizuri kana kwamba ametajwa yeye.

Alikuwa anatia chumvi? Alikuwa anatia, kwani nani hatii? Hasa kwenye nguo. Msichana akipita tu nyuma ya kamera, Bi Jana alimshonea gauni kamili: kijani, mabega ya kupuliza, vifungo kumi na viwili mgongoni, pindo la mkono. Watu walikuja na mishono ya tamthilia ambayo tamthilia yenyewe haikuwahi kuiona.

Msikilizaji wake namba moja alikuwa nesi wa ghorofa ya tatu. Huyu zamu yake ilikuwa ya jioni, miaka nenda miaka rudi, na tamthilia ilikuwa saa moja jioni, kwa hiyo hakuwahi kuona sehemu hata moja. "Nimeisikia yote," alikuwa anajisifu, "sijaiona hata kidogo." Saa tatu asubuhi anashuka, anakaa kwenye stuli, anavua viatu, anapandisha miguu juu ya bunda la vitambaa, anafumba macho. Nusu saa. Kila siku ya kazi ya Mungu. Hakuja na nguo ya kisingizio, alikuja na miguu yake tu.

"Huyo siyo mteja," binti wa Bi Jana alikuwa akisema, "huyo ni fanicha."

"Fanicha inayonisikiliza kuliko wewe," mama anajibu.

Tamthilia hiyo ikaisha, zikaja nyingine saa ileile, kisha huyo binti ndiye aliyeleta mageuzi. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka la simu, ana waifai ya dukani kichwani saa zote, na dishi la juu ya paa lilikuwa limeshamchosha. Mvua ikitishia tu, hata haijanyesha, picha inakatika vipande vipande, mwigizaji anabaki mdomo wazi na nusu ya uso wa mraba. Siku moja akaja na fundi, wakapanda juu, wakalishusha dishi lenyewe, wakang'oa king'amuzi, na mahali pake wakachomeka kijidude kidogo kama kiberiti nyuma ya runinga.

Dishi likaegemezwa nje mlangoni. Kufika mchana paka wa kinyozi alishalifanya kitanda.

"Sasa mama, angalia," binti akasema, rimoti mkononi, furaha tele. "Unachagua unachotaka, saa unayotaka. Zote zimo. Za zamani, mpya, zote."

"Na ya saa moja?"

"Saa moja haipo tena, mama."

"Saa moja imeenda wapi?"

"Ipo, lakini... yaani kila saa ni saa moja. Inakusubiri wewe."

Bi Jana hakuamini hata chembe. Wiki ya kwanza alikuwa anafunga kazi saa moja kasoro dakika tano, anakaa wima mbele ya runinga kama mtu aliyeitwa ofisini. Na alipobanwa haja ndogo alikuwa anajikaza kisabuni mpaka mwisho. Binti akamuuliza, mama, mbona husimamishi, si kuna kitufe? Mama akasema, "Nisimamishe, na watu wengine wanaotazama wafanyeje? Nitawazuia mtaa mzima kwa sababu ya kibofu changu?" Binti alicheka mpaka akashika ukuta, na kutoka nyuma ya mbao mtu mwingine akacheka pia.

Lakini kilichofuata hakikuchekesha sana. Watu wakaacha kuuliza. Kila mmoja alikuwa na tamthilia kwenye simu yake, na kila mmoja alikuwa mahali pake, huyu sehemu ya kumi, yule ya arobaini, na kusimulia kukageuka kosa. Mteja anaingia kupimwa suruali, Bi Jana anafungua tu mdomo, mteja anaziba masikio. "Usiniambie! Bado sijafika!" Mwanamke mmoja alipimwa kiuno akiwa anaimba lalala kwa sauti, ili asije akasikia kitu kwa bahati mbaya.

Nesi peke yake ndiye aliyeendelea kushuka. Saa tatu, stuli, viatu, miguu juu. Bi Jana akajisemea, mtaa na uende na simu zake, mimi nina huyu.

Ndipo binti, kwa roho yake nzuri, akamwambia nesi, "Mama mdogo, kwani wewe ni mtu wa nje? Shika paswedi yetu. Tazama kwenye simu yako ukiwa kwenye gari la kazini. Ila wanatazama wawili tu kwa wakati mmoja, wa tatu inamkatalia." Akamtengenezea na kijumba chake kwenye ukurasa wa mwanzo. Sasa ukiwasha runinga unakuta vijumba vitatu: Mama, Mimi, na Mama Mdogo.

Na nesi, duniani kuna tamthilia mpya elfu, unadhani alichagua ipi? Alirudi kwenye ileile ya zamani, iliyokwisha zaidi ya miaka mitatu nyuma, ya Mkwe Sumu na Wakili. Akaanza na sehemu ya kwanza.

"Nataka kuziona nyuso zao," alisema.

Asubuhi iliyofuata alishuka mbio, viatu hajavua. "Dada! Kumbe Mkwe Sumu ni mfupi hivi! Miaka yote mimi nilimweka kichwani mrefu kama nguzo."

"Ufupi wake ndio unaomfanya awe na hasira," akasema Bi Jana.

"Na lile gauni la kijani la kwenye harusi. Dada, lile ni kahawia."

"Runinga yangu ya zamani rangi zilikuwa zimechoka."

"Na vifungo kumi na viwili? Nimehesabu, hana hata kimoja. Ni zipu."

"Zipu nayo ni kazi," akasema Bi Jana, na wakacheka wote wawili, na maisha yakawa matamu kweli. Kila asubuhi nesi alileta makosa ya jana kama mtu anayeleta samaki sokoni. Hapa ulitia chumvi, hapa ulitia pilipili, hapa uliweka mvua na jua lilikuwa linawaka! Bi Jana alikiri yote, akajitetea, akashindwa, akafurahi. Sehemu ya tano. Ya kumi na tisa. Ya thelathini na sita.

Ilikuwa asubuhi ya sehemu ya arobaini na moja, nesi ameshapanda kwake, Bi Jana anatia uzi kwenye sindano, ndipo mkono ukasimama hewani. Akahesabu kwa vidole. Arobaini na moja. Halafu hamsini. Halafu sitini na kitu. Halafu themanini na tatu.

Uzi ukamponyoka.

Tuseme yote sasa. Miaka mitano iliyopita, tamthilia ikiwa bado mbichi, mama yake nesi aliugua. Nesi alimuuguza mwenyewe, asubuhi nyumbani, jioni kazini kwa wagonjwa wa watu, na stuli ya Bi Jana ikakaa tupu. Mama akafariki. Wakamzika. Baada ya siku kumi nesi akashuka ngazi, amekonda, akakaa, hakuvua viatu. Akasema, "Usinipe pole, dada. Nimepewa za kutosha. Nisimulie tu. Mama Miwani aliishia hospitali, mara ya mwisho. Anaendeleaje?"

Na jana yake tu, saa moja na dakika ishirini, Mama Miwani alikuwa amekufa. Sehemu ya themanini na tatu. Bi Jana alilia mpaka akalowesha kola ya shati la mteja.

Akamtazama nesi. Akatoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, polepole kuliko siku zote.

"Mama Miwani?" akasema. "Yupo. Amepata nafuu. Leo asubuhi ameomba chai."

Nesi akavua viatu.

Haya, uongo umeshatoka, sasa ufugaji wake. Mtu uliyemfufua lazima umpe kazi ya kufanya! Tamthilia ilimzika Mama Miwani wiki nzima, maana hao wakizika hawana haraka, na Bi Jana asubuhi anasimulia kwamba kuna sherehe kubwa ya kupona kwake, wamevaa nyeusi wote kwa sababu ni watu wa hadhi. Watoto wakapigania nyumba. Bi Jana akasema mama ameamua mwenyewe kuigawa, amechoka na ngazi. Mwisho maji yalipomfika shingoni akamhamisha, akampeleka kuishi kwa kaka yake kando ya ziwa, na kutoka huko akawa anatuma barua. Barua hizo hazikuwemo kwenye tamthilia. Alizitunga huku akipiga pasi. Mama Miwani aliandika kuhusu magoti yake, kuhusu kaka yake anayekoroma, kuhusu kumsamehe nani na kutomsamehe nani. Barua ya mwisho, siku tamthilia ilipoisha, alisema amepanda mlimau.

Na mtaa? Mtaa uliwekwa sawa. "Mbele ya nesi," Bi Jana alimwambia kila aliyeingia, mkasi mkononi, "Mama Miwani yuko hai." Mwaka mmoja na nusu hakuna aliyemwaga mtama. Hata kinyozi, ambaye hajawahi kushika siri dakika tano, alishika hiyo.

Na sasa hiki kijidude cha kiberiti kilikuwa kimehifadhi kila kitu. Zamani jana ikipita imepita, anayeikumbuka ni Bi Jana peke yake na anaikumbuka anavyotaka. Siku hizi jana imewekwa kwenye orodha, ina namba na picha.

Akaanza kumchungulia. Nesi akipanda kwake, Bi Jana anawasha runinga, anaingia kwenye kijumba cha Mama Mdogo, anaangalia mstari mwekundu wa kilichotazamwa umefika sehemu ya ngapi. Hamsini na nane. Sitini na saba. Sabini na nne. Akawaza kumrusha, yaani aiguse sehemu ya themanini na nne mapema, simu ya nesi idhani ameshaipita themanini na tatu. Akaifungua aikague. Mazishi. Akafungua themanini na tano. Mazishi bado. Themanini na sita, wamerudi nyumbani wanalia na picha ya marehemu ukutani ukubwa wa mlango.

"Hawa watu hawana kazi nyingine?" akaiuliza runinga.

Mstari ulipofika themanini na mbili, akakumbuka neno la binti: wanatazama wawili tu.

Jioni hiyo binti akarudi, akakuta mama anashona shati, mgongo kwa runinga. Kwenye runinga kuna katuni za watoto wachanga. Kwenye simu ya mama, iliyoegemezwa kopo la nyuzi, kuna mpishi. Sauti zote zimezimwa.

"Mama, nani anatazama hizi?"

"Mimi."

"Zote mbili?"

"Nina macho mawili."

Binti akakaa juu ya meza ya kukatia, jambo lililokatazwa kabisa, na mama hakumwambia ashuke. Hapo akajua kuna jambo. Akamchimba kidogo tu na lote likatoka. Binti alikuwa msichana wa shule wakati ule, aliikumbuka amri ya mkasi.

"Mwambie, mama."

"Nimwambieje? Kwamba nilimlea kama mtoto, mtu mzima, nesi?"

"Sasa utaweka katuni mpaka lini?"

"Mpaka achoke."

"Hatachoka. Ni wewe uliyemfundisha kutaka kujua kitakachofuata."

Bi Jana akakanyaga cherehani kwa nguvu, mshono ukaenda upogo, akalazimika kuufumua wote. Alichoogopa hakikuwa aibu ya uongo. Alikuwa anaiona ile stuli bila mtu saa tatu asubuhi, na paka wa kinyozi akihamia juu yake.

Siku ya tatu ya mchezo huo nesi akaingia na gauni lake jeupe la kazini mkononi, zipu imekatika.

"Dada, hebu niambie, kwako inafunguka?"

"Nini?"

"Si hiyo tamthilia! Siku ya tatu leo. Kila nikigusa, inaniambia watu wamezidi, subiri mmoja atoke. Watu gani? Nikasema labda binti ameigawa paswedi mtaa mzi..."

Macho yake yalikuwa yamefika kwenye rafu, ambako sungura wawili walikuwa wanapiga mswaki kwa furaha. Yakashuka mpaka kwenye kopo la nyuzi, ambako mwanaume mwenye kofia ndefu alikuwa anakata vitunguu.

"Dada."

"Abee."

"Unajifunza kupika au unajifunza kupiga mswaki?"

Nyuma ya mbao mashine ya kinyozi ikazimika.

Bi Jana akazima runinga. Akalaza simu kifudifudi. "Kaa, mdogo wangu."

Nesi akakaa, gauni magotini.

"Uko ya ngapi?"

"Nimemaliza themanini na mbili. Mama Miwani kalazwa, na najua atapona, lakini wameigiza vizuri mpaka moyo wangu unaenda mbio."

Hapakuwa na pini za kutoa mdomoni. Bi Jana alizitafuta kwa vidole, hakuna hata moja.

"Haponi," akasema. "Kwenye hiyo ya themanini na tatu, haponi. Anafariki. Alifariki jana yake ile siku uliyorudi hapa. Sikuweza kukuambia. Halafu nikashindwa kuacha."

Nje, paka alijigeuza kwenye dishi, kucha zikakwaruza bati.

"Na sherehe ya kupona?"

"Mazishi."

"Kaka yake wa ziwani?"

"Hana kaka."

"Barua?"

"Za kwangu."

Nesi alikuwa anaikunja ile zipu iliyokatika, anaikunjua. "Mtaa mzima ulijua."

"Ulijua."

"Mpaka kinyozi?"

Nyuma ya mbao mtu akakohoa kikohozi cha kusingizia.

Nesi akasimama. Hakupaza sauti, na ndivyo ilivyouma zaidi. "Mimi, dada, kila siku watu wananishika mkono wananiuliza, ndugu yangu anaendeleaje. Na ninawajibu. Wakianguka nawadaka. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwambia ameomba chai."

Akatoka. Gauni likabaki kwenye stuli.

Bi Jana alibadilisha zipu siku hiyohiyo. Aliitia kwa mkono, mishono midogo midogo, akalipiga gauni pasi, akalitundika msumarini palepale mtu akiingia analiona. Kesho yake saa tatu ikapita, hakuna mtu. Siku ya pili vilevile. Kinyozi akaja kukaa kwenye stuli kumfariji, akadumu dakika nne, akasema stuli ngumu, akarudi kwake.

Katuni hazikuwekwa tena. Kila jioni aliwasha runinga mara moja tu, akaingia kwenye kijumba cha Mama Mdogo kuangalia mstari. Themanini na mbili. Kesho yake, themanini na mbili. Jioni ya tatu mstari ulikuwa umesogea. Themanini na tatu, imetazamwa, mpaka mwisho. Themanini na nne haijaguswa.

Alikaa akiitazama ile picha ndogo ya kitanda cha hospitali. Binti akampa kikombe cha chai, akakishika mpaka kikapoa.

Asubuhi yake, saa tatu na robo, ngazi zikasikika. Nesi akaingia, hakusalimia, akalichukua gauni msumarini, akaipandisha zipu, akaishusha. Akaipandisha tena.

"Nimeiona," akasema.

"Haya."

"Jana, kabla ya zamu. Nimekaa kitandani kwa mama, nikaiona yote."

Bi Jana akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Yule mama hajui kufa," akasema nesi. "Mtu amekufa, kope zinacheza. Na mrija wa maji wamemwekea, mkono hauna hata plasta ya kuushikilia! Na nesi wao anaingia na kucha ndefu nyekundu. Ningekuwa mimi ndiye mkubwa wa wodi, angeliona jua la saa sita." Akajikohoza. "Nililia hata hivyo. Nililia vibaya. Tangu mama aondoke sikuwahi kulia hivyo, nilikuwa na zamu."

Akakaa kwenye stuli.

"Nina hasira na wewe, dada."

"Najua."

"Bado ninazo. Usidhani zimeisha kwa sababu nimekaa."

"Kaa nazo hapahapa. Nafasi ipo."

Nesi akakaribia kucheka, akajizuia. Akatazama mabunda, akatazama rafu, akatazama mguu wake mmoja, halafu wa pili. "Themanini na nne siifungui," akasema. "Kwenye mazishi nilishaenda mwenyewe." Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa asichokusudia kununua: "Ule mlimau."

"Mlimau gani?"

"Wa barua ya mwisho. Alisema amepanda mlimau kwa kaka yake. Ni miaka mitatu sasa na ushee. Umezaa?"

Bi Jana akamwangalia vizuri. "Mdogo wangu, hiyo itakuwa ya uongo."

"Najua ni ya uongo. Sharti langu ni hilo tu, kuanzia leo niambie kabla, hii ya kweli, hii ya uongo. Basi."

"Hii ya uongo."

"Haya."

Nesi akavua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akapandisha miguu juu ya bunda la vitambaa, akafumba macho.

Bi Jana akachukua pini tatu kwenye kimto, akaziweka mdomoni, ili apate za kutoa. Akatoa ya kwanza. Akatoa ya pili. Akaitafuta ile sauti ya chini ya mbavu, akaikuta mahali ilipokuwa.

"Mlimau umezaa," akasema. "Umezaa mpaka matawi yanagusa chini. Lakini jana asubuhi Mama Miwani anatoka na bakora yake kwenda kuchuma, anafika, anakuta nini? Mbuzi. Amesimama kwa miguu miwili, anakula limau anafumba jicho moja, anakula anafumba jicho moja..."

Nyuma ya mbao mashine ilikuwa imeshazimika zamani.

"Bi Jana, ongeza sauti," akasema kinyozi. "Na mteja wangu anauliza, huyo mbuzi ni wa nani?"